Kumwajiri Bwana Ramani

Tarehe 8 Januari

Mjomba wangu, shikamoo.

Kabla hujauliza: mama anaona. Bandeji ya jicho la kulia ilitolewa Jumatatu, na kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi juu ya viatu vyangu. Alinisema mpaka daktari akacheka. Jicho la kushoto litafuata mwezi wa nne. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema "samahani" anapiga mluzi, na anaomba nikuulize kama sungura wako nao hung'oka meno.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho nilisema nimepewa ukaimu, wewe ukasikia nimepata mchumba, na binamu akakaa wiki nzima akinitumia pongezi. Basi soma kwa macho: tangu Novemba mimi ni kaimu mkuu wa Idara ya Historia. Nakalia kiti chako kile kile, ambacho mguu wake mmoja bado umefungwa waya. Ukutani kuna picha za wakuu wote waliopita. Wewe ndiye pekee uliyecheka.

Sasa nisikilize, maana sina mwingine wa kumuuliza. Tuna somo la Historia ya Japani. Aliyekuwa akilifundisha amekwenda kusoma nje na hatarudi karibuni, na wanafunzi arobaini na watatu wa mwaka wa mwisho hawawezi kuhitimu bila somo hilo. Nimeruhusiwa kuajiri mhadhiri wa muda: saa nne kwa wiki, muhula mmoja, basi.

Wameomba watatu. Wa kwanza ni mwongoza watalii ambaye amesema ametazama filamu zote za mapanga. Nikamuuliza Japani ilifunga milango yake kwa wageni lini. Akajibu, "Jumapili." Wa pili ni binti aliyemaliza shahada yake juzi, ana akili nzuri ila anatetemeka kama jani. Wa tatu ni mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hakuja na makablasha. Alichukua fomu yangu, akaigeuza, na bila kuinua kichwa akachora visiwa vyote vya Japani, vikubwa na vidogo, akaniuliza, "Nianzie kisiwa gani?" Anasema zamani wanafunzi walimwita Bwana Ramani.

Penye swali la "sababu ya kuacha kazi ya awali" ameandika neno moja: Niliondolewa.

Anasema alifundisha hapa hapa miaka ishirini na sita iliyopita. Wewe ulikuwepo. Ulimjua? Ni mtu wa namna gani? Usichelewe, kamati inakaa mapema Februari.

Mpwa wako,
Bi Maswali


Tarehe 21 Januari

Bi Maswali, marahaba sana.

Kiti kile nilikifunga waya mwenyewe. Usikiegemee upande wa kushoto.

Mwambie dada yangu kwamba jicho likipona lisitumike kwa vumbi tu, na picha zangu atazame. Mwambie mjukuu wangu kuwa meno ya sungura hayang'oki, yanaota maisha yao yote, ndiyo maana hawaachi kutafuna. Yule dume mweusi alitoroka wiki iliyopita akaingia kwenye karakana ya mkwe wangu, akatafuna kisigino cha kiatu cha mteja. Mkwe wangu ni fundi mpole lakini siku hiyo alitamka maneno ambayo hata mimi na sikio langu moja niliyasikia. Sikio la kushoto ndiyo limekwenda moja kwa moja. La kulia huzima lenyewe ninapoitwa kuosha vyombo.

Hongera kwa ukaimu. Usikubali kila kikao.

Kuhusu mwalimu wa Japani, mchukue binti. Kijana huanza akitetemeka akamaliza imara, mzee huanza imara akamalizia hospitali, na wewe ukabaki na wanafunzi mikononi. Huo ni ushauri tu wa mtu wa kufuga sungura.

Karatasi imeisha. Wote hapa wanakusalimu.

Mjomba wako


Tarehe 12 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Mwanangu ameota jino moja, limekaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa.

Karatasi yako haikuwa imeisha, Mjomba. Nusu ukurasa ulikuwa mweupe. Nilikuuliza kama unamjua, ukanijibu habari za kisigino.

Binti uliyenishauri nimchukue amepata kazi benki na amejitoa. Tukabaki na Bwana Ramani. Kamati ilimhoji dakika arobaini, na walipotoka hakuna aliyetaka kwenda kula, walikuwa bado wanamwuliza maswali kwenye korido. Tumemwajiri. Mkataba ni mpaka mwisho wa Julai, na saini ya mwajiri ni yangu.

Ndipo baridi ikaanza kuniingia. Nilikwenda masjala kuomba jalada lake la zamani, ni utaratibu tu. Mama wa masjala, yule ambaye hucheka na kila mtu, alisoma jina kisha akaninong'oneza bila kuniangalia: "Mwanangu, jalada hilo usiliombe mara mbili." Nikamwambia sijaliomba hata mara moja sawasawa. Akafunga kidirisha.

Kesho yake, saa nne asubuhi, afisa usalama alikuja ofisini kwangu. Huyu si wa kulinda mageti. Ni wa ghorofa ya juu, anavaa suti ya kijivu na viatu visivyotoa sauti. Aliketi bila kuambiwa. Akauliza, "Kwani hakuna mtu mwingine nchi nzima anayeijua Japani?" Nikasema yupo anayejua kuwa ilifungwa Jumapili. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye kijitabu, kitu kirefu kuliko nilichosema.

Na kuna hili. Bahasha yako ilifika ikiwa imegandishwa gundi mara mbili. Ni wewe uliyeongeza gundi?

Nakuuliza tena, polepole kama mtu anayemuuliza mzee wake: ulimjua?

Mpwa wako


Tarehe 24 Februari

Mpwa wangu,

Sikuongeza gundi.

Nilimjua. Tulikuwa ofisi moja miaka mitano. Ni mwalimu bora kuliko mimi na kuliko wote waliowahi kukalia kiti hicho.

Tafuta sababu yoyote, hata ya kijinga, uvunje mkataba. Sema saa hazitoshi, au somo limefutwa. Achana naye kabla hajaanza.

Amenitaja? Niambie alisema nini, neno kwa neno. Kisha barua hii ichome.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu, anasema alikuota umesimama mlangoni na viatu mkononi. Nimemwambia ni dawa za macho.

Sikuvunja mkataba. Ningewaambia nini wanafunzi arobaini na watatu? Pia nilikasirika kidogo, nisamehe. Umenifundisha tangu utotoni kwamba jambo lisilo na sababu halifanywi, halafu unaniamuru na sababu unaificha.

Umeuliza kama alikutaja. Ndiyo. Aliiona picha yako ukutani siku alipokuja kutia saini. Akaitazama kwa muda mrefu. Nikasema, "Huyo ni mjomba wangu." Akageuka, akaniangalia kama vile ndiyo kwanza ananiona. Akasema, "Bado hasikii sikio la kushoto? Mimi mezani nilikuwa nakaa upande wake wa kulia. Msalimie." Basi. Neno kwa neno.

Sasa ya darasani. Mkuu wa idara hutakiwa kumkagua mhadhiri mpya mara moja. Niliketi safu ya nyuma. Alichora visiwa ubaoni, halafu akaanza kueleza jinsi zama za watawala wa kijeshi watu walivyopangwa nyumba tano tano. Nyumba moja ikikwepa kodi, ikificha mgeni au ikifuata dini iliyopigwa marufuku, zote tano huadhibiwa.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na jirani akinyamaza tu?"

"Kunyamaza nako kulikuwa kosa."

"Kwa hiyo watu walichongeana?"

"Wapo waliochongeana. Nadhani wengi zaidi waliacha kualikana. Hili halimo vitabuni, nalisema mimi. Usipomwalika mtu mezani kwako, hana la kusema juu yako."

Wanafunzi waliinama kuandika, Mjomba. Na hapo ndipo nikaiona simu kwenye dawati la mbele, imelazwa kifudifudi, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Mtu alikuwa anarekodi.

Kesho yake suti ya kijivu alikuja na karatasi iliyochapwa tayari. Ilikuwa na maneno ya Bwana Ramani, yote sawa, na chini yake sentensi mbili ambazo hakuzisema kabisa, kwamba hapa kwetu leo ndivyo tunavyoishi na kwamba vijana wasikubali. Nikasema, "Haya ya chini sikuyasikia." Akanijibu kwa upole, kama daktari wa meno: "Humshitaki mtu, dada. Unatia saini tu kwamba ulikuwepo na ulisikia." Akanipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Alipofika mlangoni akasema, "Geti la shule ya mwanao liko karibu mno na barabara. Magari yanapita kwa kasi pale. Umeliona hilo?"

Tangu hapo nampeleka mwenyewe na kumfuata mwenyewe. Naogopa, Mjomba. Mimi ambaye uliniita simba wa darasa la pili, kila mtu akinisalimia naruka. Niambie nifanye nini.

Bi Maswali


Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Wiki tatu sasa. Sijui kama barua yangu haikufika, au ilifika kwa mwingine, au umeipata na umenyamaza.

Mama anasema ulimpigia simu, ukamsalimia, ukauliza jicho, kisha akasikia unapumua tu mpaka simu ikakatika.

Mwenye nyumba wa Bwana Ramani amempa notisi, anasema anataka kupaka rangi. Mzee anaishi peke yake, vitu vyake vyote vinaingia sanduku moja, kwa hiyo amehamia chumba cha nyuma kwa fundi saa. Bado anakuja darasani dakika kumi kabla ya wakati. Hajaniuliza lolote. Jana alinipita kwenye ngazi akasema, "Usiponisalimia mbele za watu sitakulaumu."

Siku zinakwisha. Hata ukinitukana, nitafurahi kupata barua.

Mpwa wako


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu, Bi Maswali.

Barua hii haiji kwa posta. Anakuletea binamu yako mwenyewe, ameishona ndani ya bitana ya koti. Nimemwambia ni mambo ya urithi. Ndani kuna bahasha nyingine mbili. Nitakueleza ni za nani.

Yako ya Machi niliipata. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliishia kwenye habari za sungura.

"Unatia saini tu kwamba ulikuwepo na ulisikia." Sentensi hiyo naijua. Niliambiwa hivyo hivyo nikiwa na umri kama wako, kwenye chumba chenye pazia la maua na birika la chai.

Yule mtu alikuwa rafiki yangu. Si mwenzangu wa ofisi tu, rafiki. Jumapili moja mchana alinialika kwake. Mezani tulikuwa watatu: yeye, mkewe, na mimi. Binti yao mdogo alikuwa amelala chumbani. Tukazungumza habari hizo hizo za nyumba tano, akasema, "Afadhali wao. Walijua majirani zao ni nani. Sisi hatujui hata nyumba yetu ni ya ngapi." Nilicheka nusura nipaliwe. Mkewe alitutazama akafunga dirisha.

Kesho yake nikaisimulia kwenye chumba cha chai cha walimu. Sikuwa na nia mbaya. Nilimtaja kwa jina kwa sababu nilitaka wenzangu wajue nina rafiki mwenye akili hivyo. Sijui nani aliyekuwa pale akaipeleka mbele. Siku ya nne nikaitwa.

Hawakunigusa hata ukucha. Laiti wangenipiga, leo ningekuwa na kovu la kuonyesha. Waliniwekea sukari kwenye chai. Karatasi ilikuwa tayari, ina maneno yake, na chini yake maneno mengine makali ambayo hakuyasema. Nilipositasita, yule bwana akauliza, "Yule mtoto wa dada yako, anayeitwa Bi Maswali, siku hizi anasoma wapi?" Ulikuwa na miaka sita. Jina hilo lilikuwa la nyumbani tu.

Nikatia saini.

Usije ukaubeba mzigo huu. Wao walilitaja jina lako, kalamu niliishika mimi. Kuna watu walitajiwa watoto wao wa kuzaa na hawakutia saini.

Walimchukua saa tano asubuhi, kwenye korido, chaki ikiwa bado kwenye mkono wa shati lake. Tulisimama milangoni kila mtu kwake. Alikaa miaka mitatu mahali ambapo hakuna aliyetuambia ni wapi. Somo la Japani nikapewa mimi. Nilifundisha kwa kukumbuka mazungumzo yake. Nilikuwa nikifika kwenye nyumba tano naruka, na mwaka wa pili mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini naruka. Mwezi uliofuata nikaacha kazi. Niliwaambia ni sikio.

Uliponiandikia kwamba amesema anakaa upande wangu wa kulia, nilijua anajua kuwa ni mimi. Nikaona anasema: niko karibu na sikio linalosikia. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mbwa akibweka nasimama.

Wewe usitie saini. Sikuambii kwa sababu mimi ni jasiri. Nakuambia kwa sababu najua inavyokuwa baadaye.

Bahasha ya kwanza ni ya Mkuu wa Kitivo. Nimeeleza kwamba nilichotia saini miaka ile kilikuwa cha uongo nusu, na kwamba nipo tayari kuulizwa. Ya pili ni yake. Mpe mkononi. Kama utaogopa kumpa sitakulaumu, na mimi nimeogopa miaka ishirini na sita.

Mjomba wako


Tarehe 2 Juni

Mjomba wangu, shikamoo.

Naanza na ya nyumbani ili moyo wangu utulie. Jicho la kushoto la mama limefanyiwa upasuaji salama. Mwanangu yuko kwake tangu Aprili, ameambiwa ni kumsaidia bibi, na ameamini kwa sababu bibi anamruhusu kulala na viatu.

Binamu alifika akiwa amevaa koti kwenye jua kali, anatiririka jasho. Nilipomaliza kusoma nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie. Nilikulilia. Kisha nikakukasirikia, halafu nikaona picha yangu ya miaka sita, nimeshika tama, nikashindwa kukasirika vizuri. Sijui bado nakuwekaje moyoni. Nitajua polepole. Lakini shikamoo yako iko pale pale.

Suti ya kijivu alikuja tarehe ishirini na nane Aprili. Karatasi ikawekwa mezani, kalamu juu yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema maneno mazuri, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Nilichosikia nitakiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Na nitakiandika chote."

Akatabasamu. "Chote hatukihitaji." Akakunja karatasi mara nne. "Msalimie mtoto."

Nilikaa kwenye kiti chako mpaka saa nane mchana. Kwa siku kumi na moja kila gari likipunguza mwendo nilichungulia dirishani. Siku ya kumi na mbili nikaletewa barua ya mistari mitatu, inanishukuru kwa ukaimu na kunitakia kila la heri. Wamenihamishia kachumba kando ya ngazi, nakaa na feni nne mbovu. Nilipoisoma nilifarijika! Nilikuwa nimengoja kitu kibaya zaidi. Pengine bado kinakuja.

Ile simu ya taa nyekundu ilikuwa ya kiongozi wa darasa, yule yule msichana wa maswali. Alikuwa akimrekodia mwenzake aliyelazwa hospitali. Aliposikia uvumi, alinifuata akilia, akadhani yeye ndiye aliyemponza mwalimu. Tukaenda naye kwa Mkuu wa Kitivo, yule mtu ambaye hata ukimwuliza saa ngapi huitisha kikao. Akafunga mlango, akasikiliza somo zima huku akijifuta shingo. Hizo sentensi mbili za chini hazikuwemo. Kisha akasoma barua yako. Aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya mkoba wake kama kitu cha moto. Akasema, "Mkataba ni mpaka Julai. Uacheni uishe wenyewe." Ndiyo ushujaa wake wote, lakini ulitosha. Nani aliyepeleka maneno ya darasani siku ile, mpaka leo hatujui. Sote tunasalimiana.

Sasa ya Bwana Ramani. Nilimpa bahasha mkononi, kwenye ngazi, saa tatu asubuhi. Alitabasamu alipouona mwandiko. Akafungua, akasoma amesimama. Katikati akaketi kwenye ngazi, pale pale, wanafunzi wanampita. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza jambo moja: "Huu ni mkono wake kweli? Una hakika?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye hasira, Mjomba. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Siku hiyo hakuingia darasani. Ni siku pekee aliyokosa. Wiki iliyofuata alirudi, shati limepigwa pasi, akaendelea alipoishia. Kwako hakunipa ujumbe. Nilipothubutu kumwuliza, alisema, "Mwambie nimeipata."

Mpwa wako,
Bi Maswali


Tarehe 19 Julai

Mpwa wangu, marahaba.

Nimefurahi kwa jicho la dada yangu. Wa hapa wote wazima.

"Mwambie nimeipata." Nililala na maneno hayo wiki sita. Nikangoja kuitwa, ama na wao ama na yeye. Jumanne, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nawakatia sungura majani nikaona mtu amesimama ng'ambo ya geti. Kofia imeshuka usoni. Hakubisha hodi. Robo saa, nusu saa, yupo tu. Nikajua wamekuja. Nikamwambia binamu yako awapeleke watoto uani. Nikavaa koti, nikatia dawa zangu za presha mfukoni, na soksi za akiba, maana niliwahi kusikia sakafu za huko ni baridi. Nikaenda kufungua.

Alivua kofia. Alikuwa yeye.

Nikasema, "Karibu." Akaingia, akakaa kwenye benchi la karakana. Mkwe wangu aliona nyuso zetu, akaweka nyundo chini akatoka.

Nikaanza, "Ndugu yangu, mimi nili..."

"Barua nimeisoma," akanikata. "Nimekuja kukuambia usichokijua. Walinionyesha karatasi yako siku ya kwanza. Jina walikuwa wameliziba kwa kidole. Nikasoma maneno yangu ya mezani, neno kwa neno. Nikawauliza, nani? Yule bwana akasema, 'Fikiri mwenyewe. Nani analala karibu nawe?'"

Sikumwelewa. Wallahi mpwa wangu, sikumwelewa mpaka aliposema tena.

"Mezani tulikuwa watatu. Wewe sikukuweka hata kwenye hesabu. Nilipotoka baada ya miaka mitatu, mke wangu alinifungulia mlango akilia kwa furaha. Nikampita. Nikachukua nguo zangu nikaondoka. Aliniuliza nimemkosea nini, sikumwambia, nilidhani anajua. Miaka ishirini na moja sikumwambia. Alifariki mwaka juzi. Sikwenda kumzika."

Nilitaka kuanguka lakini sikuwa na haki ya kuanguka mbele yake. Kumbe salamu zake za sikio zilikuwa salamu tu. Alikuwa amefurahi kuiona picha yangu.

Nikasema, "Nipige." Akanitazama kama mtu aliyechoka na watoto. "Nikupige ili iweje?"

Tukakaa. Nje dereva mmoja alikuwa anaosha lori. Akasema binti yake yupo, ana miaka thelathini na mmoja, ni mkunga, hajasema naye tangu alipokuwa mtoto. Alimwona baba yake akimpita mama yake mlangoni. Yeye baba alikwenda kwake mwezi uliopita na barua yangu mkononi. Hakufunguliwa. Binti alisemea dirishani, "Karatasi anaweza kuandika yeyote."

"Kwa hiyo utakuja," akaniambia. "Utasimama mbele yake umwambie kwa mdomo wako kwamba aliyenisema ni wewe, si mama yake."

Nikamwuliza, "Halafu?"

"Halafu sijui. Halafu yangu haipo. Ila ya jina la mama yake ipo."

Amelala hapa siku mbili. Hatuzungumzi sana. Anakula, anashukuru, anaosha sahani yake. Nimemwuliza mimi nitaanzaje kuongea na mtoto wa watu, niliyemjua akiwa anatambaa, nimwambie nini kwanza. Akasema, "Anza na jina lako, uliseme lote."

Basi linaondoka kesho alfajiri, mwendo wa siku moja na nusu. Binamu yako amenifungia mkoba. Mpwa wangu, naogopa kuliko siku ile ya pazia la maua, na safari hii hakuna anayenitisha. Niombee. Viatu nimeshavaa.

Mjomba wako